Pikapu ya Kupigia Picha na Pikapu ya Kuishi Nayo Sio Kitu Kimoja

Leo tuweke pembeni kidogo ndoa za mastaa na nani kagombana na nani. Tuongee kuhusu pikapu. Usikimbie, mastaa wamo pia, ila majina sitaji. Wakisoma wenyewe watajijua.

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva aliposti dabo kebini nyeusi. Imenyanyuliwa juu, matairi makubwa utadhani trekta, ngao mbele, winchi, mkonga pembeni, taa sita juu ya paa. Yeye kaegemea boneti, kavaa miwani ya jua na ni usiku. Chini kaandika kwamba Mungu hamtupi mja wake. Komenti zikafurika. Mdogo wangu alinitumia ile posti saa tano usiku na neno moja tu: "Dada."

Baada ya wiki chache mchekeshaji mmoja naye akaposti "baraka mpya". Pikapu ileile. Kisha dada mmoja anayetangaza vipodozi akaposti akishuka kwenye pikapu, ileile tena. Kuna mdau mmoja mwenye macho makali akavuta picha karibu, akasoma namba za gari, akaziweka kwenye komenti. Namba moja, mastaa watatu. Kumbe gari ilikuwa ya yadi, inazungushwa kupigiwa picha ili watu waje kununua.

Watu walicheka sana siku ile. Mimi sikucheka. Wakati huo mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeshanunua ya kufanana nayo, kwa shilingi milioni 31.

Kwa hiyo msimamo wangu nautoa mapema, anayetaka kubisha abishe: kwa mtu anayeishi mjini na anayetoka nje ya lami mara kwa mara, pikapu used nzuri kuliko zote ni ile inayoboa kwenye picha. Ya kawaida, haijanyanyuliwa, haijapambwa, kiti cha kitambaa kimechakaa kidogo. Gari ikishapambwa, wewe mnunuzi unalipia mapambo, na mara nyingi unalipia pia kile kilichofichwa nyuma ya mapambo. Wazee walishasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ilivyotukuta

Mimi naishi Goba, kazi yangu Mikocheni. Mama yetu yuko Lushoto, kijijini huko ndani baada ya lami kuisha, analima viazi, karoti na kabichi. Mpango ulikuwa mzuri kabisa: tununue pikapu moja. Siku za wiki mimi naenda nayo kazini, wikiendi mdogo wangu anapanda nayo mlimani, anashusha mboga za mama na za majirani, anauza Dar. Mimi nilitoa milioni 19, akiba ya miaka na mgao wa kikoba. Yeye aliuza kiwanja chake cha Chanika akatoa 12.

Kwenye yadi muuzaji alikuwa anaongea na mdogo wangu tu. Mimi niliyetoa pesa nyingi nikawa kama nimesindikiza. Nikiuliza swali, jibu anapewa yeye. Nikiomba tuipeleke kwa fundi wetu naambiwa, "Sister, hii gari kuna mtu anakuja kuilipia saa nane." Mdogo wangu akanikonyeza tusiipoteze. Tukalipa saa saba na nusu. Huyo mtu wa saa nane sidhani kama alikuwa ameshazaliwa.

Safari ya kwanza ya Lushoto ilikuwa masika. Kutoka Mombo kupanda mlima lami ilikuwa safi, muziki juu, tunajirekodi. Tukaacha lami, tukaingia udongo mwekundu uliolowa. Mdogo wangu akaweka H4, taa ya kijani kwenye dashibodi ikawaka, tukajiona tumefika. Kwenye kilima cha pili gari ikaanza kuteleza kurudi nyuma. Tairi za nyuma zinazunguka bure, za mbele zimetulia tuli kama haziwahusu. Tukarudi vile hadi nyuma ikaingia mtaroni upande wa mlima. Upande wa pili ni korongo. Nikiikumbuka hiyo sekunde nasikia baridi mpaka leo.

Vijana wa kijijini walituvuta kwa kamba. Fundi mmoja mzee akalala chini ya gari, akakaa huko kimya, akatoka akicheka kwa huruma: "Mwanangu, gari yenu ina miguu minne lakini inayotembea ni miwili." Propela ya mbele haikuwepo. Difu ya mbele ilikufa, muuzaji badala ya kutengeneza akaitoa propela, akaacha taa ya dashibodi iendelee kuwaka. Taa ile inasoma kwenye giaboksi ndogo, haijui kama kuna chuma kinachopeleka nguvu mbele au hakuna.

Na si hilo tu. Chesisi ilikuwa imekatika nyuma ya kebini ikachomelewa, ikapakwa rangi nyeusi nzito. Kule kunyanyuliwa kote, zile tairi kubwa, zile taa, vilikuwa vya kutufanya tuangalie juu tusiangalie chini.

Niliiuza kwa milioni 17, na nilimwambia mnunuzi kila kitu. Milioni 14 zimeyeyuka. Mdogo wangu alipoteza kiwanja, na sisi wawili tulikaa miezi bila kuongea vizuri, kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyeponza. Hii ndiyo sababu sicheki nikiona staa kaegemea boneti la yadi.

Kwanza jiulize: siku zako zikoje?

Kabla ya kuuliza Hilux au Ranger, kaa chini uhesabu mwezi wako. Siku ngapi uko kwenye foleni ya Mwenge, siku ngapi uko kwenye tope? Wengi wetu jibu la kweli ni siku 26 foleni, siku 4 vumbi. Sasa unanunuaje gari ya siku 4 ukateseka nayo siku 26?

Dabo kebini ina urefu wa zaidi ya mita 5. Maegesho ya ofisini utayasotea. Nyuma ina springi za vyuma bapa zilizotengenezwa kubeba mzigo unaokaribia tani moja, kwa hiyo ikiwa tupu inarukaruka kwenye matuta, abiria wa nyuma atakutukana kimoyomoyo. Na mvua ikinyesha, pikapu tupu nyuma ni nyepesi huku nguvu ya injini inaenda hukohuko nyuma, kwa hiyo kwenye kona ya lami yenye maji inaweza kukuzungusha. Anayeendesha pikapu kila siku akiwa peke yake, bodi tupu, ajue hilo na apunguze mwendo.

Bodi nayo ikiwa wazi, begi lako kwenye foleni ni la kila mtu. Utahitaji kanopi au kifuniko kinachofungwa. Na mafuta ni kila mwezi: Jumatano ya kwanza EWURA wakitoa bei mpya, utakuwa unaisubiri taarifa kama matokeo ya mtihani.

Ukishapiga hesabu ukaona huna mzigo, huna shamba, na barabara yako mbaya kuliko zote ni ile ya kuingia kwako Madale, nakushauri kwa upendo: hauhitaji pikapu. Chukua SUV ndogo, tairi nzuri, maisha yaendelee. Lakini kama una mzigo wa kweli na njia mbaya za kweli, pikapu ni ndoa nzuri. Twende.

4WD sio pambo

Hapa watu wengi wanaharibu magari bila kujua. Pikapu nyingi za kwetu, Hilux, D-Max, Ranger, Navara, zina 4WD ya kuchomeka unapoihitaji. Ukiweka H4, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke pamoja. Lakini ukikata kona, tairi za mbele zinatembea njia ndefu kuliko za nyuma. Kwenye tope au mchanga tofauti hiyo inamalizwa na tairi kuteleza kidogo. Kwenye lami kavu tairi haiteleza, kwa hiyo mkazo wote unaingia kwenye propela, difu na giaboksi ndogo. Usukani unakuwa mzito, gari inang'ang'ania. Ukiendelea, kuna siku kitu kitakatika.

Kwa hiyo lami kavu ni H2. Vumbi lenye kuteleza, tope, mchanga ni H4. Kilima kikali, kuvuta, mawe, mteremko wa kutisha ni L4 na mwendo wa polepole. Mitsubishi L200 zenye mfumo wa Super Select zenyewe zina difu ya katikati, kwa hiyo zina namna ya 4WD inayoruhusiwa hata kwenye lami. Kwa mtu anayepanda milima kwenye lami yenye mvua, hiyo ni faida kubwa ambayo watu hawaizungumzii.

Na zipo pikapu za 2WD zilizonyanyuliwa juu zikafanana na 4WD kwa kila kitu. Usiangalie kibandiko cha bodi. Angalia kama kuna difu na propela mbele.

Gari imetoka nchi gani?

Dalali akikwambia "hii Vigo ilikuwa inatembea Japan, mwenyewe mzee wa Kijapani," mwangalie usoni taratibu. Toyota iliacha kuuza Hilux Japan mwaka 2004, mwaka uleule Vigo ilipotoka, na ikairudisha 2017. Kwa hiyo Vigo nyingi tulizonazo zilitembea Thailand, Afrika Kusini au Uingereza. Kampuni ya Japan inaweza kukuuzia ikiwa mpatanishi tu, sio dhambi. Dhambi ni hadithi ya mzee.

Namba ya chesisi haina mdomo wa kudanganya. Toyota ikianza na MR0, imetengenezwa Thailand. Ikianza na AHT, imetoka kiwanda cha Durban. Hiyo inakwambia ilikotengenezwa, sio lazima ilikotembea, lakini ni mwanzo mzuri wa kupima maneno ya muuzaji.

Ilikotembea ni muhimu kwa sababu kila nchi ina ugonjwa wake. Uingereza wanamwaga chumvi barabarani majira ya baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi inakula chesisi. Navara za umbo la D40 zilipata jina baya huko kwa chesisi kuoza hadi kukatika. Tena magari mapya-mapya ya dizeli ya Ulaya yana filta ya masizi kwenye ekzosi, ambayo inataka gari ikimbie njia ndefu mara kwa mara ijisafishe. Wewe wa Goba-Mikocheni kwenye foleni unaiziba taratibu. Thailand ilipata mafuriko makubwa mwaka 2011, na gari iliyozama inakauka ikapendeza, lakini waya hazisahau. Nusa ndani, inua kapeti, angalia kutu kwenye vyuma vya chini ya viti.

Usidharau pia gari iliyotembea hapahapa. Gari za miradi na za ofisi zinazouzwa kwa mnada zimetumika sana, ni kweli, lakini nyingi zilifanyiwa huduma kwa ratiba na daftari lipo. Nyeupe, imechoka bodi, ina alama ya stika iliyobanduliwa mlangoni. Hiyo ndiyo gari inayoboa kwenye picha ninayoisema.

Haya, gari gani?

Hilux ndiyo mfalme wa spea, huo ni ukweli. Popote utakapokwama, kuna fundi aliyewahi kuifungua. Za zamani zenye injini za 3L na 5L hazina turbo wala umeme mwingi, zinavumilia mafuta yasiyo safi sana, lakini ukiwa na mzigo unapanda Kitonga malori yanakusindikiza. Vigo za D-4D, 2.5 na 3.0, zina nguvu nzuri zaidi, ila nozeli zake zinataka dizeli safi na mtu anayebadilisha filta kwa wakati. Pia zina mkanda wa taimingi wenye kikomo. Muuzaji asipojua ulibadilishwa lini, weka bei ya mkanda mpya kwenye bajeti kabla haujakatika ukala injini. Tatizo la Hilux ni kwamba unalipia jina. Kwa pesa ileile unaweza kupata D-Max ya miaka ya mbele zaidi.

Isuzu D-Max naiona inaonewa. Haina mbwembwe, ndani kawaida, lakini injini zake zinadumu, na hapo Kenya zinaunganishwa Nairobi kwa hiyo ukanda wetu unaijua. Ford Ranger ya kuanzia 2011, hasa ya 3.2 yenye silinda 5, kwa starehe ya kuendesha inazishinda nyingi, na Ford wanasema inavuka maji ya sentimita 80. Lakini ina umeme mwingi. Usiinunue kama hauna fundi mwenye kompyuta na pesa ya spea iliyotengwa. Navara yenye injini ya YD25, sikiliza cheni ya taimingi asubuhi injini ikiwa baridi. Ikilia kama shanga kwenye bati, ondoka. Na Land Cruiser mkonga ya pikapu, ile ya 1HZ lita 4.2, haifi kirahisi, lakini kwa kwenda nayo kazini kila siku utakuwa unalisha tembo.

Ukiniuliza mimi, nasema hivi: chagua hali ya gari kwanza, jina baadaye. D-Max iliyotunzwa inaishinda Hilux iliyochomelewa, saa yoyote.

Lala chini, mtu wangu

Siku ya kuangalia gari vaa nguo ya kuchafuka, beba tochi na kipande cha boksi. Muuzaji akishangaa mwanamke analala chini ya gari, muache ashangae.

Chesisi kwanza. Fuata chuma kutoka mbele hadi nyuma, hasa nyuma ya kebini na pale springi zinaposhikwa. Tafuta mishono ya kuchomelea, mikunjo, na rangi nyeusi mpya kwenye gari ya zamani. Namba iliyogongwa kwenye chuma ilingane na kadi, na isiwe imesuguliwa.

Fika kabla injini haijawashwa. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu walitaka kukificha, rudi kesho. Ikiwaka, angalia moshi. Wa bluu inakula oili. Mweusi unaoendelea ni mafuta na hewa havilingani, au turbo imechoka. Mweupe usioisha hata ikipata moto ni nozeli, au maji yanaingia pasipotakiwa. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma; ikikupulizia kwa nguvu, pistoni zimechoka.

Kilometa za dashibodi zisikuhangaishe sana, zinarudishwa. Angalia pedali, usukani na kiti cha dereva. Gari ya kilometa 80,000 haiwezi kuwa na pedali iliyolika hadi chuma.

Kisha nenda nayo kwenye vumbi, sio lami tu. Ingiza H4, ingiza L4, piga kona, rudi nyuma. Halafu mtu aangalie kwa macho yake kwamba tairi za mbele zinavuta. Nimeandika sentensi hiyo kwa milioni 14, kwa hiyo tafadhali isomwe mara mbili.

Tairi zina tarehe. Tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kubwa ya kutisha yenye miaka kumi ni mawe yaliyopakwa kiwi.

Makaratasi nayo usiyaache mwisho. Jina la kwenye kadi ni la anayekuuzia? Faini za trafiki na madeni ya maegesho yanaangaliwa mtandaoni kwa namba ya gari. Na kama unaagiza nje, TRA wana kikokotoo cha kodi mtandaoni. Ingiza taarifa za gari kabla ya kutuma hata shilingi, maana watu wengi wanaijua bei ya gari na kuizimia baadaye bei ya bandarini.

Mwisho, peleka kwa fundi wako wewe. Fundi anayelipwa na muuzaji ni muuzaji mwenye spana. Na ukiambiwa kuna mtu anakuja saa nane, mwambie amsalimie.

"Lakini inapendeza bana"

Najua komenti zinazokuja. "Dada una wivu." "Pesa ya mtu mwache atumie." Sawa, na mimi napenda vitu vizuri. Pikapu iliyonyanyuliwa na mtu anayejua, kwa vifaa vya maana, kwa safari za kweli, ni kitu kizuri mno. Wapo watu wa hivyo, na ukiwauliza watakwambia walifanya nini, lini, na risiti hii hapa.

Ila jua gharama yake. Ukiinyanyua unapandisha uzito juu, gari inapinduka kirahisi zaidi kwenye kona. Tairi kubwa zinatesa beringi na sivi jointi, zinakula mafuta, na spidi ya dashibodi inasoma pungufu ya ukweli. Kama hayo aliyafanya mtu mwingine usiyemjua, umenunua maamuzi yake yote bila kuyaona. Ni mbuzi kwenye gunia, na gunia lina taa sita.

Nipe mimi ile ya kawaida, halafu tofauti ya bei niitumie hivi: tairi nne mpya za kutembea lami na vumbi, oili na filta zote, spea tairi nzima, jeki inayofanya kazi, kamba imara ya kuvutia, koleo, pampu ndogo ya upepo. Ukipunguza upepo wa tairi kwenye mchanga laini, gari ya kawaida inapita mahali ambapo ya staa imekwama na taa zake zote zinawaka.

Mwaka uliofuata tulinunua tena. Safari hii tulitafuta wiki saba, tukakataa gari tisa. Tulichukua D-Max nyeupe iliyokuwa ya mradi, mlango wa kushoto umebonyea, daftari la huduma limejaa. Fundi wangu alilala chini yake nusu saa nzima, akaja akasema, "Dada, hii lipia." Hakuna mtu amewahi kuigeukia barabarani. Imepanda kile kilima cha pili masika mbili sasa, na karoti za mama nyuma.

Kiwanja cha Chanika hakijarudi. Mdogo wangu bado analipa kidogokidogo kingine, huko mbali zaidi. Wiki iliyopita alinitumia picha saa tano usiku, nikajua tayari kuna staa mwingine kaegemea boneti. Nikafungua. Ilikuwa picha ya dashibodi yetu, kilometa zimegonga 200,000, na neno moja tu chini: "Dada."

Sasa ni zamu yenu. Nani hapa alishauziwa gari yenye siri chini? Na kati ya Hilux iliyochoka na D-Max iliyotunzwa, kwa pesa ileile, ungebeba ipi? Tiririka hapo chini, ila majina ya yadi na mastaa tuyaache, tusije tukaitwa tukajieleze.